Chupa Isiyo na Kitu Ndani

Siku za likizo, jua likifika utosini, Chiriku alijitwika kikapu cha chakula na kuelekea karakana ya mtambo wa maji, alikofanya kazi baba yake. Hapakuwa mbali. Nyumba za wafanyakazi zilijipanga nyuma ya mtambo, na njia ya kokoto iliyozitenga na karakana mtu mwingine angeimaliza kabla hajapiga chafya ya pili. Chiriku aliweza kuifanya ndefu kama safari ya shamba. Lazima asimame kwa mshonaji amweleze nani kachumbiwa, kisha asimame kwa mwenye duka aulize kama ni kweli mbuzi wa jirani kala shuka la mgeni. Jina lake halisi walilijua walimu tu. Mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa ule mdomo wake, naye aliitika bila kununa.

"Siku chakula kikinifikia cha moto," Baba alikuwa akisema, "nitajua mwanangu anaumwa koo."

Wiki hiyo mtambo ulikuwa kimya. Pampu kubwa ilikuwa imesimamishwa, mabomba ya mtaa yamekauka, na watu walichota maji ya matumizi kwenye tangi la akiba, kwa foleni iliyojaa ndoo, soga na ugomvi mdogo mdogo. Kisa chenyewe kilikuwa breka ya pampu. Breka ni swichi, ila si kama ile ya ukutani inayowasha taa ya sebuleni. Hii ilikuwa kubwa kama kabati la nguo, na ndiyo iliyowasha pampu iliyonywesha mji mzima. Kila baada ya muda mafundi huitoa, wakaikagua na kuisafisha, la sivyo itakuja kuwaumbua siku wasiyoitarajia.

Breka ilikaa kwenye chumba cha umeme, ambako sakafuni palichorwa mstari wa manjano. Asiye fundi hakuuvuka mstari ule, hata angekuwa meneja. Lakini sasa breka ilikuwa imesukumwa kwa magurudumu yake mpaka karakanani, haina umeme hata chembe, ndiyo maana Chiriku aliruhusiwa kukaa kwenye benchi la mlangoni na kutazama.

Baba alikuwa akimfundisha kazi kijana mmoja mwanagenzi, mrefu mwembamba, ambaye watu walimwita Ngongoti. Walikuwa wameifungua breka upande wa mbele. Ndani zilisimama chupa tatu nyeupe za kauri, kila moja ikiwa na vichwa vya shaba juu na chini.

"Zina nini ndani?" Chiriku aliuliza kutoka benchini.

"Hazina kitu," Baba akajibu.

"Hata maji?"

"Hata maji. Hata hewa. Imenyonywa yote. Hilo ndilo ombwe."

"Sasa Baba, chupa haina kitu, mnaitunza ya nini?"

Ngongoti alicheka mpaka akaweka chini kitambaa. Baba hakucheka.

"Tunaitunza kwa sababu haina kitu. Umeme mkubwa kama huu ukiuzima, hauondoki kwa heshima. Unaruka kutoka shaba hii hadi ile, moto mtupu. Ukipata hewa, unapata pa kushikilia. Humu ndani hauna pa kushikilia, unazimika papo hapo."

Asubuhi yote walikuwa wakifuta kauri kwa vitambaa vikavu visivyoacha nyuzi, wakitafuta nyufa kwa tochi, wakikaza bolti na kupaka grisi kidogo kwenye springi. Kisha walizipima chupa kwa mashine waliyoazimwa na kampuni ya umeme. Mashine ile husukuma umeme mkali kwenye chupa, na watu wote husimama nyuma ya kamba. Chupa nzima hustahimili, mshale wa mashine ukatulia. Iliyoingiwa hewa hushindwa, mshale ukaanguka na mashine ikajizima yenyewe.

Chupa moja kati ya tatu ilishindwa. Baba akaleta chupa mpya kutoka stoo, nayo ilikuwa ya mwisho. Akaipima. Mshale ukatulia kama mtu aliyeshiba. Akailaza kwenye sanduku lake, juu ya sponji.

"Sikiliza vizuri," alimwambia Ngongoti. "Kijiti hiki cha shaba kinakwenda ndani na kurudi nje. Hakizungushwi. Ndani kuna chuma chembamba kama karatasi, kimekunjwa-kunjwa kama mfuko wa kinanda. Kinajua kujivuta, hakijui kuzunguka. Ukikizungusha kinachanika, hewa inaingia, na ukiitazama chupa hutaona hata mkwaruzo."

Aliyeambiwa ni Ngongoti, lakini masikio ya Chiriku hayakuwa na pamba.

Saa ya kula ilipofika, Baba na Ngongoti walikwenda kunawa na kula kwenye baraza la nyuma.

"Kaa hapo hapo benchini," Baba alimwambia Chiriku. "Usiingize mtu."

"Sawa, Baba."

Haukupita muda, mlangoni vikachungulia vichwa viwili. Kimoja cha rafiki yake, binti wa mshonaji. Cha pili cha mdogo wake rafiki huyo, aliyeitwa Kibogoyo kwa kuwa meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka na mapya hayajaona haraka ya kuja.

"Ndiyo hiyo inayotunyima maji?" binti wa mshonaji aliuliza.

"Nyie hamjui kitu. Hiyo inaitwa breka."

"Na ile kwenye sanduku?" Kibogoyo alisema. "Mbona chupa ya chai?"

"Chupa ya chai kwenu."

"Kama si ya chai, tuoneshe."

Chiriku alijua anapaswa kukataa. Lakini kumkatalia mtu aliyekuja kumtazama na kumsikiliza, hilo hakuwahi kulijua tangu azaliwe. Aliingia, akaitoa chupa kwenye sponji, akaikumbatia kama mwenye nyumba anayepokea wageni.

"Karibuni, karibuni. Ya maziwa au ya rangi?"

"Ya maziwa, sukari nyingi," Kibogoyo akasema, akakinga viganja vyake viwili.

Chiriku aliibana chupa kati ya magoti, akakamata kile kijiti cha shaba na kukizungusha kama mtu anayefungua kifuniko. Kilikuwa kigumu. Wenzake walicheka, naye akazidisha nguvu kwa mikono yote miwili. Ndani ya chupa kitu kikafanya *tik*, sauti ndogo kama ya kidole kinapovunjwa kwa uvivu. Kijiti kikalegea.

"Imemwagika hiyo," Kibogoyo alisema.

Chiriku hakucheka. Aliigeuza chupa huku na huku. Hapakuwa na ufa wala mkwaruzo. Akairudisha kwenye sponji na kuilaza vile vile ilivyokuwa.

"Nendeni. Na hamkuja hapa."

"Kwani tumefanya nini?" binti wa mshonaji aliuliza. "Chai yenyewe hujamimina."

Baba alirudi, akaichukua chupa na kuifunga mahali pake. Alikuwa akikaza bolti ya mwisho fundi wa kampuni ya umeme alipoingia kuchukua mashine yake. Gari aliliacha likinguruma nje.

"Nivumilie kidogo," Baba alimwambia. "Nimezoea kupima tena nikishafunga."

"Fundi, kuna watu wananisubiri mji wa pili. Umeipima, imepita. Imetoka hapo ikaenda wapi?"

Baba alikuna shingo. Alimtazama Ngongoti. "Umeigusa?"

"Sijaigusa, Fundi. Si tulikuwa wote?"

Kisha akamgeukia binti yake. "Chiriku."

"Abee, Baba."

"Wewe ndiye uliyekuwa hapa. Kuna mtu aliyelisogelea sanduku hili?"

Chiriku alijitazama vidole vya miguu.

"Hapana, Baba."

"Hata mmoja?"

"Hakuja mtu."

"Basi," Baba akamwambia yule fundi. "Mwanangu akisema hakuja mtu, hakuja mtu. Chukua mashine yako."

Gari likaondoka. Chiriku aliwahi kuchapwa kwa kuvunja sahani, na aliwahi kusimamishwa darasani kwa kelele. Hakuna lililowahi kumchoma kama kule kuaminiwa.

Jioni hiyo nyumba ilijaa. Shida ya maji ilikuwa imewafanya majirani wapike pamoja, na wakishapika pamoja hawawezi kula mbalimbali. Walikuwepo Bibi, Mama, Shangazi, mshonaji na wanawe, na Ngongoti aliyealikwa kula. Kibogoyo alikaa na kumtazama Chiriku kwa macho ya mtu mwenye siri tamu. Chiriku alihama upande wa pili wa mkeka.

"Lini maji, Fundi?" mshonaji aliuliza. "Nguo za watu nanyunyizia mate nikipiga pasi."

"Kesho asubuhi, Mungu akipenda. Na atakayebonyeza ni huyu." Baba alimwonesha Ngongoti kwa kidevu.

Ngongoti alinyanyuka kwa furaha, akajigonga kichwa kwenye kizingiti. Watu wakacheka. Alikaa tena akijisugua.

"Mama yangu kasema atakuja na ndoo yake," alisema. "Anataka maji ya kwanza niliyoyaleta mimi." Kisha akauliza, kama mwanafunzi mwema: "Lakini Fundi, chupa ingekuwa na hewa tusijue, ingekuwaje?"

"Ungebonyeza kuwasha, ingewaka. Pampu ingezunguka, watu wangeshangilia. Tatizo liko kwenye kuzima, na kesho lazima tuwashe tuzime, tuione inavyofanya kazi. Hapo moto ungekataa kufa. Ungebaki ndani ya chupa, ukala kauri, na kabati likapasuka. Aliyesimama mbele yake..."

"Jamani, watu wanakula," Mama akasema.

"Ndiyo maana tunapima," Baba akamalizia, akarudisha mkono sahanini.

Mkono wa Chiriku ulibaki hewani na tonge lake. Bibi, ambaye macho yake yalikuwa hafifu lakini hayakupitwa na jambo, alisogeza uso.

"Huyu mtoto ana nini? Tangu nimekaa hapa hajamsengenya mtu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kama ni tumbo, sema tumbo."

Nafasi ilikuwa hiyo. Lakini chumba kilikuwa kimejaa macho, na ya Baba yalikuwemo.

"Ni tumbo, Bibi," Chiriku alisema.

Shangazi alimchemshia dawa chungu, na Chiriku akainywa yote, tone kwa tone, kwa tumbo lisilouma. Baba alimwinamia, akamshika bega. "Pole, mama. Leo umenisaidia. Bila wewe ningemkalisha yule bwana na mashine yake bure." Uchungu wa dawa ulikuwa afadhali.

Asubuhi aliamshwa na milio ya ndoo. Watu walipita mbele ya nyumba wakielekea mtamboni kama waendao harusini. Baba alikuwa ameshaondoka. Chiriku aliwafuata nyuma nyuma, akiomba kitu kijiharibu chenyewe, mvua inyeshe, ufunguo upotee, lolote la kumwepusha na kufungua kinywa.

Hakuna kilichopotea. Mlango wa chumba cha umeme ulikuwa wazi. Breka ilikuwa imesharudishwa ndani ya kabati lake. Ngongoti alisimama mbele yake akiwa amevaa koti zito, glavu na kofia yenye kioo cha kukinga uso, na Baba kando yake. Nje ya uzio, mama yake Ngongoti alikuwa amejifunga kitambaa kipya kichwani na kuikumbatia ndoo.

"Yule mrefu ni wangu," alimwambia kila aliyetaka na asiyetaka kusikia. "Yule pale, mrefu."

Miguu ya Chiriku iliondoka kabla hajaituma. Alipenya kati ya watu, akafika mlangoni, akasimama kwenye mstari wa manjano.

"Baba."

"Chiriku, rudi nyuma." Baba hakugeuka.

"Baba, msiwashe."

Sasa aligeuka. Huko nje minong'ono ilikatika.

"Kwa nini?"

"Ile chupa. Jana niliitoa kwenye sanduku. Nilikizungusha kile kijiti. Kilifanya *tik*."

"Uliniambia hakuja mtu."

"Walikuja. Nilikuwa nacheza nao. Nilikudanganya, Baba."

Baba aliinua kiganja kumzuia Ngongoti. "Acha. Rudi nyuma, taratibu." Kisha alivua glavu zake, kidole baada ya kidole. Hakupiga kelele. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa kama wa mtu aliyezabwa kofi mbele ya wakwe, na Chiriku angetoa kila alichonacho ili asiuone.

"Kumbe mtoto wa fundi mwenyewe," sauti ilisema nje.

"Si ndiye huyu anayejua habari za kila nyumba?"

"Leo katoa ya kwao."

Mama yake Ngongoti aliifudikiza ndoo yake chini, akakaa juu yake.

Baba alitoka kuzungumza na watu. "Maji hayatatoka asubuhi hii. Breka si salama. Chupa moja imeharibika karakanani kwangu, nami sikuipima baada ya kuifunga. Kosa ni langu, na meneja nitamweleza hivyo hivyo."

Hakumtaja mtoto. Kila mtu alikuwa amekwishasikia, na bado hakumtaja. Chiriku aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

Fundi wa kampuni ya umeme aliitwa kwa simu. Alirudi na mashine yake akilalamika kuhusu kazi alizoziacha na mafuta ya gari. Waliitoa breka tena, wakaisukuma karakanani, wakaipima. Mshale ulipanda, ukayumba, ukaanguka. Mashine ikajizima. Walirudia, ikawa vile vile.

Yule bwana aliacha kulalamika. Alimtazama Ngongoti, mrefu, mzima, aliyekuwa akikunja waya. "Haraka yangu ingemzika mtoto wa watu," alisema kwa sauti ya chini.

Stoo haikuwa na chupa nyingine. Baba na Ngongoti walilazimika kuifungua breka ya pampu ndogo ya akiba, ile ya kujazia tangi, wakatoa chupa moja humo, wakaifuta na kuimulika. Waliipima kabla ya kuifunga, na walipoifunga wakaipima tena.

Wakati huo Chiriku alikuwa kwenye foleni ya tangi la akiba. Hakutumwa na mtu. Alichukua ndoo ya nyumbani na kujiunga nyuma kabisa, na foleni ilimsema naye akiwa ndani yake. Mwingine alisema watoto wa siku hizi hawana adabu. Mwingine alisema mdomo mrefu haukosi mkia. Jana angemjibu kila mmoja na kumwachia chenji. Leo alisogea tu kila foleni iliposogea. Ndoo ilipojaa, aliibeba mpaka kwa mama yake Ngongoti, aliyekuwa bado amekaa pale pale.

"Nimekuletea maji, Mama. Naomba unisamehe."

Mama yule aliinua uso. "Unajua nina watoto wangapi?"

"Hapana."

"Unamjua mbuzi wa kila mtu, hilo hulijui. Ninaye huyo tu." Alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa kipya. "Nimekusikia. Sijasema nimekusamehe, nimesema nimekusikia. Weka ndoo hapo."

Alasiri Ngongoti alibonyeza. Pampu iliunguruma, ikazimwa, ikanyamaza kama ipasavyo, ikawashwa tena. Mabomba ya mtaa yalikohoa hewa, yakatema kutu, kisha maji safi. Watu walishangilia. Ngongoti alitoka na jasho, akampita Chiriku mlangoni, kisha akarudi hatua moja.

"Ungenyamaza ningekuwa mshikaki," alisema. Alijaribu kutabasamu, lakini tabasamu halikutoka, na Chiriku aliona kwamba haukuwa utani.

"Nisamehe, kaka."

"Nitajaribu."

Watu walipotawanyika, Baba alimwita karakanani. Alikuwa amekaa kwenye benchi, na mbele yake sakafuni zilisimama chupa mbili: ile iliyochakaa kwa miaka ya kazi, na ile mpya iliyoharibika kwa mchezo.

"Kaa."

Alikaa.

"Kwanza kosa langu," Baba alisema. "Kazi hii ina utaratibu. Kupima baada ya kufunga ni wajibu, hata kama mwenye mashine ana haraka. Mimi niliacha kipimo nikashika neno. Nimeshaona aibu yangu kwa meneja. Sasa yako. Ulipoiharibu chupa ulikosea kama mtoto. Hilo ningekukaripia, likaisha. Nilipokuuliza ukasema hakuja mtu, hapo uliniweka mimi gizani, na gizani ndiko tunakokufa mafundi."

"Niliogopa, Baba. Niliona aibu."

"Ungeisema jana mchana ingekuwa aibu ya watu wachache, hapa hapa benchini. Uliilaza, ikaamka imekua. Leo imekuwa ya mji mzima. Aibu ndivyo ilivyo, mwanangu, kadiri unavyoificha ndivyo inavyonenepa."

Chiriku alifuta machozi kwa mgongo wa mkono. "Utaniamini tena?"

"Si leo," Baba alisema. Hakulisema kwa ukali, lakini hakulipunguza. "Chupa nina mashine ya kuipima. Wewe sina mashine. Nina neno lako tu, na hilo litanibidi nilisikilize taratibu, siku baada ya siku, mpaka moyo wangu utulie. Benchi hili hutalikalia likizo hii. Na sasa hivi utakwenda kwa mshonaji, uwaambie wale wawili uliowafundisha kuficha kwamba uliwafundisha vibaya."

"Sawa, Baba."

Alisimama. Alikuwa amefika mlangoni Baba alipomwita tena, safari hii kwa jina lake halisi, lile la shuleni.

"Kunyamaza kwako jana kungemuua yule kijana. Kusema kwako leo kumemwokoa. Yote mawili umeyafanya wewe. Usilisahau la kwanza ukajiona malaika, wala usilisahau la pili ukajiona huna maana. Ukikosea, sema mapema. Ukichelewa, sema hivyo hivyo."